Umekuta unadaiwa kodi kwenye iTax na mshahara ulikuwa unakatwa kila mwezi? Mwongozo kamili wa kulimaliza

Kila Juni simu yangu inajaa skrinishoti za aina moja. Mtu ameajiriwa, PAYE, ile kodi ya mshahara, inakatwa kila mwezi, anaingia iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi KRA, kufaili ritani akijua itatoka sufuri, halafu pale chini kabisa anakuta anadaiwa. Wengine 7,000, wengine 23,000, na kuna dada mmoja alikuta zaidi ya 91,000 kwa sababu alikuwa kwenye peiroli mbili mwaka mzima na hakuna aliyemwambia maana yake.

Wengi wanafanya moja kati ya mambo matatu na yote matatu yanawaumiza. Wanalipa hapohapo kwa woga, au wanapunguza mapato kwenye fomu mpaka deni lipotee, au wanafaili nil, yaani ritani ya kusema hawakuwa na mapato, ili wamalize tu waende zao. Ukifanya hivyo umefunga mlango ambao ungepitia kujitetea, na kama ni nil umedanganya kabisa maana mwajiri alishapeleka jina lako na mshahara wako KRA.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeajiriwa Kenya. Tarakimu ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake mwisho ni 30 Juni 2026.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vikusanye kwanza, usianze na nusu halafu ukwame katikati.

- PIN yako ya KRA na nywila ya iTax, na uhakikishe barua pepe iliyosajiliwa kule bado unaifungua. Wengi wanakosa notisi kwa sababu iko kwenye akaunti ya zamani.
- Slipu zote 12 za mshahara. Ni haki yako kuzipata, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya mshahara yanayoonyesha kila kilichokatwa.
- P9 ya mwaka huo, ile karatasi ya mwajiri yenye mshahara na PAYE ya mwaka mzima, na kama ulifanya kazi zaidi ya moja, P9 ya kila mwajiri.
- Stetimenti ya benki ya miezi hiyo, ile inayoonyesha mshahara ukiingia.
- Barua ya kuajiriwa, na kama uliacha kazi, barua ya kuacha yenye tarehe ya siku ya mwisho.
- Cheti cha bima kama unadai nafuu ya bima ya maisha au ya elimu.
- Karatasi kubwa au spredishiti. Mimi napendelea karatasi, unaona mwaka mzima kwa jicho moja.

Kama slipu za miezi fulani huna, ziombe leo. Usiwaambie unagombana na mtu, sema tu unazihitaji kwa ajili ya ritani.

## Hatua ya 1: Piga skrinishoti, usitume kitu

Ukishaona deni, simama hapo. Piga picha ya sehemu ya mapato, sehemu ya PAYE iliyokatwa na ile ya hesabu ya mwisho, kwenye fomu ni F, M na T. Zihifadhi kwenye folda moja na tarehe.

Sababu ni kwamba sehemu ya ajira siku hizi inajazwa na mfumo wenyewe kutoka kwenye ripoti ya P10 ambayo mwajiri anapeleka kila mwezi, kabla au siku ya tarehe 9. Yaani unachokiona pale ndicho mwajiri alichosema kuhusu wewe. Akirekebisha kesho, ushahidi wa alichosema mwanzo unapotea kama hukuupiga picha.

Umefaulu ukiwa na: picha tatu zinazosomeka, jumla ya mapato na jumla ya PAYE zikionekana vizuri.

## Hatua ya 2: Weka tarakimu tatu kando kwa kando

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka na ndiyo inayotoa jibu. Chora safu tatu: slipu, P9, iTax. Kwa kila mwezi andika kiasi cha kutozwa kodi (mshahara ukishatoa NSSF ya pensheni, SHIF ya afya na levi ya nyumba) na PAYE iliyokatwa kutoka kwenye slipu, kisha kutoka kwenye P9. iTax itakupa jumla ya mwaka kwa kila mwajiri, sasa hiyo iandike chini kabisa ulinganishe jumla kwa jumla.

Nitakuonyesha ilivyonitokea mimi, tarakimu nimezirahisisha. Kiasi changu cha kutozwa kodi kilikuwa 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo P9 ilisema 720,000 kwa mwaka na PAYE 124,600. Ritani ya iTax ikasema 900,000 na PAYE 155,750, halafu ikanidai 22,850. Nilikaa nazo zile karatasi mezani karibu saa nzima nikifikiri labda ni marupurupu, labda ni bonasi, mpaka nikafanya kitu rahisi kabisa, nikatoa 720,000 kwenye 900,000 nikabaki na 180,000, nikagawa kwa 60,000. Tatu kamili. Nikatoa PAYE pia, ikabaki 31,150, ambayo ni PAYE yangu ya mwezi mara tatu. Hakuna bonasi inayoweza kufanana na mshahara wa miezi mitatu mpaka shilingi ya mwisho. Ilikuwa ni mshahara wa mtu mwingine.

Na kweli, kulikuwa na mwenzangu wa daraja moja na mimi, majina yetu mawili ya kwanza yanafanana, na yule dada wa mishahara alipohamisha majina kwenye mfumo mpya alinakili PIN yangu kwenye mistari yote miwili. Miezi mitatu baadaye waliiona wakairekebisha kwa miezi iliyofuata, lakini ile mitatu ya nyuma hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo ukipata tofauti, igawe kwa mshahara wako wa mwezi. Ikigawanyika kamili unajua ni miezi mingapi imeingia au imepotea. Isipogawanyika, tafuta kitu cha mara moja: bonasi, malimbikizo, malipo ya likizo, mafao ya kuacha kazi.

Onyo: P9 inaweza kuwa na makosa pia. Ikitofautiana na slipu, amini slipu pamoja na stetimenti ya benki, maana hela iliyoingia benki haiwezi kubadilishwa na mtu ofisini.

## Hatua ya 3: Jua kosa lako ni la aina gani

Hapa usiharakishe. Kuna aina tatu na kila moja ina dawa yake, ukichanganya utalipa kitu ambacho si chako au utakataa kitu ambacho ni chako.

### Aina ya kwanza: ilikatwa lakini KRA haioni

Slipu inaonyesha PAYE imetoka, benki inaonyesha uliingiziwa kile kilichobaki, lakini iTax inaonyesha PAYE kidogo au haionyeshi kabisa. Mwajiri hakupeleka, au alipeleka P10 bila jina lako, au alikosea PIN.

Hii hela umeshailipa, ilitoka mfukoni mwako siku ya mshahara. Usiilipe mara ya pili. Wanaonyamaza hapa ndio wanaoumia kuliko wote, maana mtu anaona aibu kumwuliza bosi kama alipeleka, halafu analipa mwenyewe mara ya pili na mwajiri anabaki na ile ya kwanza.

### Aina ya pili: haikukatwa ya kutosha

Tarakimu za slipu, P9 na iTax zinalingana lakini deni lipo. Maana yake mshahara uliokuwa unaupata ulikuwa mkubwa kuliko ulivyostahili kwa sababu peiroli ilikata kodi ndogo. Hii hutokea hivi:

Umepewa nafuu ya mtu binafsi, lile punguzo la kodi (personal relief), mara mbili. Kila mtu ana 2,400 kwa mwezi, 28,800 kwa mwaka, basi. Ukiwa kwenye peiroli mbili mwezi mmoja, mathalani uliacha kazi ukalipwa notisi ya Oktoba huku umeanza kazi mpya tarehe 1 Oktoba, waajiri wote wawili wanakupa 2,400 na wote wanaanza kukukata kutoka ngazi ya chini ya asilimia 10. Kama mishahara yote miwili inazidi 32,333, mwezi mmoja wa namna hiyo unaleta deni la karibu 7,616. Ikumbuke hiyo namba. Ukidaiwa karibu 15,232 au 22,850, kuna uwezekano mkubwa ni miezi miwili au mitatu ya peiroli mbili, au kama kwangu, mshahara wa mtu mwingine uliowekwa kwenye PIN yako. Na ile 91,000 ya yule dada, ni 7,616 mara 12.

Peiroli bado inatumia sheria ya zamani. Kuanzia 27 Desemba 2024 mchango wa SHIF na levi ya nyumba vinatolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga kodi, na ile nafuu ya asilimia 15 ya levi ya nyumba ikaondolewa. Sasa kuna mifumo ilifanya yote mawili, ikatoa kabla ya kodi na bado ikaacha mstari wa nafuu. Slipu yako ya 2025 ikiwa hivyo, umepunguziwa mara mbili.

Pensheni imezidi kiwango. Kinachoruhusiwa kutolewa kabla ya kodi hakizidi 30,000 kwa mwezi, na NSSF imo humohumo ndani.

Nafuu ya bima imeendelea baada ya bima kukatika. Nafuu ni asilimia 15 ya unacholipa na haizidi 5,000 kwa mwezi, lakini lazima uwe unalipa kweli. Uliacha kulipa Machi, peiroli ikaendelea mpaka Desemba, deni linakuja.

Na kuna marupurupu yaliyosahaulika, kama nyumba ya kampuni au gari, ambayo mwajiri anayaongeza kwenye P10 mwisho wa mwaka bila kukata chochote.

### Aina ya tatu: mapato si yako

Kama yangu. Au uliacha kazi Juni lakini jina lako likabaki kwenye P10 mpaka Septemba. Hapa hudaiwi kitu, kinachotakiwa ni mwajiri kurekebisha P10, na usikubali kulipa hata kidogo "ili mambo yaishe" maana ukilipa umekiri kwamba mapato ni yako.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nadaiwa shilingi kadhaa kwa sababu mwezi fulani peiroli ilifanya jambo fulani." Kama bado huwezi, rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe

Usiende kwa mwajiri na hisia, nenda na hesabu. Kwa mwaka mzima wa 2025:

- Shilingi 288,000 za kwanza: asilimia 10
- 100,000 zinazofuata: asilimia 25
- Kutoka hapo mpaka 6,000,000: asilimia 30
- Zaidi ya hapo kuna 32.5 mpaka 9,600,000, kisha 35

Toa nafuu ya 28,800, toa na nafuu ya bima kama unayo. Unachobaki nacho ndiyo kodi ya mwaka. Toa PAYE iliyokatwa kwenye slipu zote, jibu ndilo deni halisi.

Mfano wa yule wa peiroli mbili Oktoba, 60,000 kila upande. Mapato ni miezi 13, yaani 780,000. Kodi ni 28,800 na 25,000 na asilimia 30 ya 392,000 ambayo ni 117,600, jumla 171,400. Toa 28,800 inabaki 142,600. Alikatwa 10,383.35 mara 13, ambayo ni 134,983.55. Anadaiwa 7,616.45.

Kumbuka kiasi cha kutumia ni kile kinachobaki baada ya NSSF, SHIF na levi ya nyumba kutoka, siyo mshahara wote. Wengi wanakosea hapo wanapata deni kubwa la uongo.

## Hatua ya 5: Mwandikie mwajiri, usiongee tu

Nenda kwanza ukaongee kwa heshima, ni vizuri, yule wa mishahara mara nyingi ni mtu anayefanya kazi ya watu watatu na ukimwambia "dada, naomba unisaidie tuangalie huu mstari pamoja" atafungua faili. Ukienda na kelele atakuambia usubiri bosi arudi. Lakini siku hiyohiyo mkishaongea andika barua pepe, maana maneno ya kwenye korido hayana tarehe.

Iwe fupi na iwe na mambo manne: kosa ni nini, ushahidi uko wapi, unataka wafanye nini, na lini. Unaweza kuibadilisha hii:

*Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,*

*Salamu. Nikifaili ritani yangu ya mwaka 2025 nimekuta P10 ya miezi ya Machi, Aprili na Mei ina mapato mengine ya jumla ya Sh 180,000 chini ya PIN yangu. Slipu na P9 yangu zinaonyesha mapato yangu ya mwaka ni Sh 720,000. Nimeambatanisha slipu za miezi hiyo, P9 na picha za iTax.*

*Naomba: (1) P10 ya miezi hiyo mitatu irekebishwe, (2) nipewe uthibitisho wa marekebisho hayo kutoka iTax, (3) nithibitishiwe kwa maandishi kwamba penalti na riba yoyote iliyotokana na kosa hili italipwa na kampuni.*

*Makataa ya ritani ni 30 Juni, hivyo naomba majibu kabla ya tarehe 15. Niko tayari kuja tulipitie pamoja.*

Ukiwaandikia kwa Kiingereza ni sawa kabisa, kinachohesabika ni hayo mambo manne.

Sasa kuhusu nani alipe, nitasema ninavyoamini na watu wengi hawapendi kusikia. Kwenye aina ya pili, kodi yenyewe ni yako. Ile hela uliipata kwenye mshahara, ilitakiwa ikatwe na haikukatwa, ulishaitumia. Unachotakiwa kupigania ni penalti na riba, na pia muda wa kulipa. Usipoteze nguvu ukidai kampuni ikulipie kodi yote, na hata wakikubali, kodi ambayo mwajiri anakulipia inahesabika kama marupurupu na yenyewe inatozwa kodi.

Onyo kubwa: kwenye aina ya pili kuna njia mbili, ama mwajiri arekebishe P10 alipe tofauti halafu akukate kidogo kidogo, ama wewe ufaili na ulipe mwenyewe. Chagueni moja na iandikwe. Nimeona mtu akilipa kwenye ritani huku mwajiri naye anamkata mshahara kwa deni lilelile, kuja kurudishiwa ilimchukua muda mrefu.

Wakichagua kukukata, hawaruhusiwi kuondoa kila kitu mwezi mmoja. Sheria ya Ajira inasema makato yote kwa pamoja, ukiweka na mikopo yako, hayazidi theluthi mbili ya mshahara. Lazima ubaki na theluthi moja.

Umefaulu ukipata: barua pepe ya mwajiri inayokiri kosa, hata ikiwa ni sentensi moja. Hiyo ihifadhi kama dhahabu.

## Hatua ya 6: Wakinyamaza

Subiri siku saba, kumbusha mara moja ukiwaweka na wakubwa wao kwenye barua pepe hiyo. Baada ya hapo chukua slipu, P9, stetimenti na barua zako uende kwenye ofisi ya KRA au dawati lao lililoko Huduma Centre. Waeleze kwamba mwajiri alikata na hakupeleka, au ameweka mapato yasiyo yako. Sheria iko upande wako hapa: kodi ambayo mwajiri alitakiwa kuikata akashindwa, KRA inaweza kuidai kwake kana kwamba ni deni lake mwenyewe.

Kama mwajiri anakutishia kazi kwa sababu umeuliza, hilo si suala la KRA tena, peleka ofisi ya leba ya kaunti yako. Nenda na nakala, usiache orijino popote.

## Hatua ya 7: Faili kabla ya 30 Juni hata kama halijaisha

Hili ndilo linawachoma watu. Mtu anasema "nangoja mwajiri arekebishe kwanza," tarehe 30 inapita, sasa ana shida mbili. Kuchelewa kufaili ni penalti ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa kati ya hizo, na mwajiri hatakulipia hiyo kwa sababu kuchelewa ni kwako.

Faili kwa ukweli unaoweza kuuthibitisha:

- Aina ya kwanza, weka PAYE iliyoonyeshwa kwenye slipu na P9.
- Aina ya pili, kubali tarakimu zilivyo, deni litoke.
- Aina ya tatu, weka mapato yako halisi ya P9.

Fomu ikikataa kubadilishwa, usiingie kwenye mapambano nayo usiku wa tarehe 30 pale saiba huku foleni iko mlangoni. Nenda dawati la KRA mapema na P9 mkononi.

Usipunguze mapato ili deni litoke sufuri. Mfumo unalinganisha na P10, utaonekana, na pale utakapohitaji kuaminiwa kuhusu kosa la mwajiri hutaaminiwa.

Baadaye mwajiri akirekebisha, unaingia sehemu ya Returns unachagua kufaili ritani iliyorekebishwa. Sheria inakupa miaka mitano kufanya hivyo, kwa hiyo usiogope kufaili sasa.

Umefaulu ukiwa na: risiti ya iTax yenye namba na tarehe kabla ya 30 Juni.

## Hatua ya 8: Lipa kilicho chako, au omba kupangiwa

Kwa aina ya pili tu. Ingia Payments, tengeneza slipu ya malipo ya kodi ya mapato ya mtu binafsi mkazi, chagua malipo ya kujikadiria na mwaka husika. Angalia mwaka mara mbili. Ukiweka mwaka mbaya hela inaingia lakini deni linabaki palepale. Utapewa namba ya PRN, lipa kwa benki au simu kufuata maelekezo ya kwenye slipu hiyo.

Huna hela yote? Omba kulipa kwa awamu kupitia iTax, sehemu ya madeni, na upendekeze kiasi ambacho kweli utaweza kila mwezi. Riba inaendelea kuhesabika ukiwa kwenye mpango, lakini hebu tuiangalie kwa tarakimu isije ikakunyima usingizi: penalti ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 mara moja na riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Kwa deni la 7,616 hiyo ni penalti ya 381 na riba ya 76 kwa mwezi. Inaumiza, lakini haifai kukupeleka kwenye mkopo wa simu wenye riba mara nyingi zaidi ya hiyo, na hilo nimeona watu wakilifanya.

Usitegemee kusamehewa penalti. Tangu Julai 2025 msamaha unaweza kutolewa kwa makosa yaliyosababishwa na mfumo wa KRA wenyewe, na kosa la peiroli ya mwajiri haliingii humo. Ndiyo maana kwenye hatua ya 5 ulimwomba mwajiri aahidi kwa maandishi.

## Hatua ya 9: Kama tayari una notisi ya tathmini

Wengine hawakuona deni kwenye ritani, walipata kwenye barua pepe notisi ya KRA inayosema wanadaiwa kodi kiasi gani. Hapo saa inahesabu: una siku 30 tangu upewe notisi kuweka pingamizi kwenye iTax. Eleza sababu, sema ni marekebisho gani unataka, ambatanisha kila kitu. Kama kuna sehemu ya deni unayoikubali, ilipe au uombe muda wa kuilipa kabla ya kuweka pingamizi, bila hivyo pingamizi halihesabiwi kuwa halali. KRA wana siku 60 kuamua. Wakikukatalia una siku nyingine 30 kwenda kwenye mahakama ya rufaa za kodi, Tax Appeals Tribunal.

Barua ya malalamiko kwa HR haisimamishi hizo siku 30. Fanya yote mawili kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 10: Hakikisha limefutika kweli

Mwajiri akikuambia "tumerekebisha," mshukuru halafu uombe uthibitisho. Kuna tofauti ya kurekebisha kwenye kompyuta yao na kutuma P10 iliyorekebishwa KRA. Kwangu mimi waliniambia imeisha wiki mbili kabla haijaisha.

Ingia iTax uangalie leja yako. Salio la mwaka huo lisome sufuri, na penalti na riba ziwe zimeondoka au zimelipwa. Kisha omba cheti cha kutodaiwa kodi, ile TCC, kwenye sehemu ya Certificates, hata kama huihitaji kwa sasa. Kama bado kuna senti imejificha mahali, ombi la cheti ndilo litakaloifichua, na ni bora uione wewe leo kuliko ikuzuie siku umepata kazi mpya wanataka cheti ndani ya siku tatu.

Kwa wale mlio kwenye aina ya tatu, mtafute na yule mwenzako ambaye mapato yake yaliingia kwako. Kwangu mimi, mapato yake yalipotolewa kwenye PIN yangu, yeye ndiye alikuwa na miezi mitatu isiyo na PAYE na hakuwa na habari. Tulikaa naye kantini na slipu zake, tukaanza hatua ya 2.